Maziwa Yaliyolala Nyika

Raheli wa Lukozi alikuwa bibi maendeleo, na kama hujui kazi hiyo ilikuwaje miaka ile ya ujamaa, shukuru. Asubuhi unafundisha kuchimba choo, mchana unafundisha kupika uji wa karanga, jioni unaamua ugomvi wa mume na mke ambao hata hawakukuita, na kesho yake mkubwa wa wilaya anakuuliza mbona choo bado. Raheli aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na miguu ya kupandia milima, sauti ya kufika bonde la pili, na kiburi kidogo cha mtu aliyekwenda kozi mbili. Lakini alikula popote na kukaa na yeyote, kwa hiyo watu walimsamehe kiburi chake.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vipya, wilaya ilimwagiza ateremke Mnazi akaendeshe semina ya wiki moja ya akina mama. Mada ilikuwa malezi ya watoto wachanga. Agizo lilimkuta na mtoto wa miezi mitano mgongoni, msichana aliyeitwa Esta, naye likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha zamani. Aliomba aahirishiwe. Akaambiwa kuwa kazi ya taifa haingoji mtoto aote meno.

Sasa, kwa mtu wa Lukozi, Mnazi haikuwa kijiji kingine cha wilaya ileile. Ilikuwa nyika. Lukozi unaamka ukungu umekaa mlangoni na unalala na mablanketi mawili. Mnazi unalala mlango wazi na bado unaoga jasho. Nyika ilikuwa na mpunga mzuri, na ilikuwa na homa. Wazee wa milimani waliteremka kwa shughuli zao na kupanda tena mapema, na mtoto mchanga hawakumteremsha kabisa. Raheli aliwahi kuwacheka. Alipokuwa na mtoto wake wa kwanza, Rubeni, alimfunga mgongoni akashuka naye kazini Mng'aro. Alirudi naye ana malaria, na malaria haikumwacha. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Mama mkwe wake, ambaye majirani walimwita Mama Sefania, hakuwahi kumlaumu hata kwa neno moja. Afadhali angemlaumu.

Kwa hiyo safari hii hapakuwa na ubishi. Esta angebaki Lukozi na bibi yake. Sefania, mume wa Raheli, alikuwa karani katika kiwanda cha chai Mponde na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, hivyo mambo ya nyumba ile yaliamuliwa na wanawake wawili. Swali lilikuwa moja: mtoto atakunywa nini? Walikwisha kumjaribu na maziwa ya ng'ombe, wakayachanganya na maji, wakayachemsha mara mbili, na bado yalikuwa yakiingia na kutoka. Akilala njaa wiki nzima atakuwaje?

"Mama, nitayakamua ya kwangu hukohuko," Raheli alisema jioni moja jikoni. "Lori la ushirika linapanda kila asubuhi na mpunga. Nitayatia kwenye chupa ya chai, dereva ayalete mpaka hapa."

Mama Sefania alikuwa akimenya viazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alizungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Utayakamua nyika?"

"Ndiyo, Mama."

"Yalale nyika, yapande huku, mtoto ayanywe?"

"Mama, ile homa ni ya mbu. Haikai kwenye maziwa. Kozini tulifundishwa."

Mama Sefania aliendelea kumenya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Raheli, aliyekuwa na haraka zake, akakihesabu kile kimya kuwa ni ndiyo. Hapo alikosea. Kwa mwanamke yule kimya hakikuwa ndiyo wala hapana. Kilikuwa kufikiri, na alifikiri polepole.

Huko Mnazi Raheli alifikia kwa mama mmoja aitwaye Amina, mchangamfu, mwenye mtoto wa rika la Esta. Alfajiri ya kwanza Raheli alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akaanza kukamua. Hakuna anayekuambia jinsi kukamua kunavyochosha. Mtoto huvuta kwa haki yake. Mkono unaomba tu. Alijaribu kumfikiria Esta, akaona yanatiririka. Akaanza kufikiria semina, yakakatika. Basi akajifunza kumfikiria Esta peke yake, na kwa sababu hiyo kila alfajiri alikuwa analia kidogo kabla ya kwenda kuwafundisha wenzake furaha ya kulea.

Ile chupa ya chai ilikuwa zawadi ya harusi, yenye maua mekundu, na haikuwahi kushika chai isipokuwa siku mchungaji alipotembelea nyumba. Raheli aliisuuza kwa maji yaliyochemka, kisha akaijaza maji baridi ya mtungi ili ipoe ndani, akayamwaga, ndipo akatia maziwa. Akaifunga kwa gunia lililoloweshwa na kuipeleka kwenye lori kwa mikono miwili.

Dereva aliitwa Mbaraka, mtu wa Mlalo, mwenye adabu zake.

"Kaka Mbaraka, naomba unifikishie hii nyumbani Lukozi. Umpe Mama mkononi. Isikae karibu na injini."

"Kuna nini, Bibi Maendeleo?"

"Maziwa ya mtoto."

"Ya huku nyika?" Mbaraka alishangaa. "Huko kwenu si ndiko kuna ng'ombe wa kizungu?"

Raheli akaona aibu imempanda mpaka masikioni. Utamwambiaje mwanamume wa watu, tena mbele ya wapakizi, kwamba ng'ombe mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele yako? "Huyu mtoto amezoea haya," alisema. Wala hakudanganya.

Jioni lori liliposhuka, chupa ikarudi tupu, imeoshwa, inanuka moshi wa kuni za nyumbani. Raheli aliinusa hadi Amina akamcheka. Ikarudi hivyo kesho yake na keshokutwa yake. Alianza kulala vizuri. Kwenye semina, chini ya bati la ofisi ya kijiji, alisimama akasema kwa ile sauti yake kwamba mtoto mchanga anataka maziwa ya mama yake kuliko kitu chochote. Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Na wako, Bibi Maendeleo, anakunywa ya nani?"

"Ya kwangu. Yanapanda lori kila asubuhi."

Walicheka, wakapiga vigelegele, wakataka kuiona hiyo chupa. Siku ile hakuna aliyesinzia mpaka semina ikafungwa, na kwa semina ya alasiri ya Mnazi hilo si jambo dogo.

Furaha yake ilikatika jioni iliyofuata. Mbaraka alimkabidhi chupa huku akitabasamu. "Mama yako anayapenda sana haya maziwa."

"Nani?"

"Mama yako, Bibi Maendeleo. Leo nilichelewa kidogo pale, nikimsubiri mtu. Alimimina kikombe palepale mlangoni, akanywa. Kikombe kizima! Wala hakunikaribisha."

Raheli alisimama na chupa mkononi kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Alitaka kuuliza: mtoto alikuwa wapi? Alipewa yeye chochote? Lakini kuuliza ni kueleza, na kueleza ni kumwambia Mbaraka maziwa yale yametoka wapi. Akashukuru, akaenda zake.

"Labda ana njaa," Amina alisema walipokuwa wakipepeta mchele. Mwaka uliotangulia mvua zilikuwa zimekosa nyika, na Amina alipima mambo yote kwa tumbo.

"Lukozi hakuna njaa. Kuna viazi, kuna kabichi mpaka tunawapa ng'ombe."

"Basi labda ni mzee. Wazee hurudi utotoni."

"Hana uzee wa hivyo."

Akalala na hasira. Alimwona mama mkwe wake amesimama mlangoni na mikono yake mikubwa, anakunywa, na nyuma yake Esta anarusha miguu na kulia. Kila alivyojizuia kuwaza ndivyo alivyozidi kuwaza. Yule mama hakuyataka maziwa haya tangu mwanzo. Sasa anayamaliza yeye, ili mtoto asiyapate, na chupa irudi tupu, nami niridhike kama mjinga. Alfajiri mikono yake ilikataa kabisa. Alikamua mpaka vidole vikafa ganzi, yakapatikana kidogo tu, nayo akayafunga na kuyapeleka, kwa kuwa asingepeleka ingekuwaje?

"Kaka Mbaraka, mwambie Mama hayo ni ya mtoto. Mwambie hivyohivyo."

Jioni Mbaraka akarudi na jibu. "Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema anajua."

"Basi?"

"Basi. Akasema anajua, akanywa."

Heshima ni kitu kizuri, lakini jioni ile Raheli aliitafuta ndani yake akakuta imebaki punje. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwomba somo la mwisho lifanyike asubuhi na mapema, ili apande na lori. Mwenyekiti alikubali shingo upande. Raheli akafundisha uji wa karanga kama mtu anayefukuzwa, akaagana na Amina, akajipakia kwenye kiti cha mbele na chupa yake mapajani, safari hii ameishika mwenyewe.

Njia ya kutoka Mng'aro kupanda Mlalo haifai kwa mtu mwenye haraka. Lori lilipanda kwa kuguna, likageuka, likapanda tena, na kila kona nyika ilibaki chini zaidi, njano na kubwa, mpaka upepo ukaanza kuwa wa nyumbani. Mbaraka alizungumza habari za matairi. Raheli hakusikia hata moja. Alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia mama mkwe wake, akiyapunguza makali, akiyarudishia. Kwa wakati wote wa ndoa yake hajawahi kumjibu yule mama neno baya. Leo atamjibu. Mwanawe akimkuta amekonda, atamjibu na kuondoka, na Sefania akirudi kutoka Mponde achague mwenyewe.

Mama Sefania alikuwa uani, amemfunga Esta mgongoni kwa kanga na juu yake shali ya sufu. Kilichoonekana kilikuwa kofia tu, na kichwa kilicholala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, ng'wanangu. Umefika."

"Nimefika. Naomba mtoto."

Mama Sefania akarudi nyuma hatua moja. "Ngoja," alisema. Akanyoosha mkono, akachukua chupa, akaingia jikoni akatoka na kikombe cha bati. Akamimina. Akanywa yote, polepole, mbele ya macho ya aliyeyakamua. Kisha akapangusa mdomo na kukaa kwenye benchi, na mtoto bado yuko mgongoni.

Hapo ile punje ya heshima ikaisha.

"Mama, hayo ni ya mtoto! Nimekaa nyika nakamua mpaka mikono inakufa, nayafunga kama dawa, nawaomba wanaume wa watu wanibebee, kumbe unakunywa wewe! Mtoto umempa nini? Umempa nini, Mama? Mmoja tumemzika, na huyu je?"

Alipomaliza alisikia sauti yake ikirudi kutoka upande wa pili wa bonde, na kuku wamekimbia. Mama Sefania hakumkaripia.

"Uliniambia homa haikai kwenye maziwa," alisema.

"Ndiyo, nilikuambia."

"Mimi niliambiwa na mama yangu kwamba inakaa. Sikujua ni wewe unayejua au ni mimi. Nikaona mmoja ajaribu, na asiwe mtoto."

Raheli hakuelewa. Au alielewa, lakini hasira ilikuwa bado imeziba njia.

"Siku ya kwanza nilikunywa yote," Mama Sefania aliendelea. "Mtoto nikampa ya ng'ombe, akatapika, nikamwambia avumilie. Nikalala nayo tumboni. Nikasema kama nyika imo, itaanza na mimi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Nikaamka mzima. Kesho yake nikanywa kikombe, nikakaa hapa mpaka ukungu umetoka bondeni. Sikutetemeka. Ndipo nikampa yaliyobaki."

"Na siku zilizofuata?"

"Hivyohivyo."

"Lakini ulikwisha kuona kwamba hayana kitu!"

"Ya siku ile hayakuwa na kitu. Kila siku ni maziwa mengine. Umelala huko tena, umeumwa na mbu tena. Nitajuaje?"

Akafungua shali, akafungua kanga, akamzungusha mtoto akamweka mapajani. Esta alikuwa amelala fofofo. Mashavu yalikuwa yaleyale, na kwenye viwiko vya mikono kulikuwa na mikunjo miwili ya unene. Alinuka moshi na sabuni. Raheli alipiga magoti chini akamtazama bila kumgusa, kwa kuwa hakuwa ameruhusiwa, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa amepanda mlima mzima akiandaa matusi.

"Nisamehe, Mama."

"Ulikuwa na uchungu wa mwanao," Mama Sefania alisema. "Nami nilikuwa na wa kwangu."

Wakakaa. Maziwa ya Raheli, yaliyokuwa yamemsikia mtoto kabla yeye hajamshika, yakaanza kulowesha blauzi. Akaona aibu, akajifunika kwa mkono.

"Na mimi mwenyewe, Mama? Nimetoka huko leo hii. Nimwache anyonye?"

Mama Sefania alifikiri. "Haya ya ndani sijayaonja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Raheli alijua la kusema. Alikuwa na somo zima la mbu, kuanzia yai mpaka mbawa, na picha zake za kuchorwa zilikuwa kwenye mkoba hapo mlangoni. Alikuwa ametoka kuwafundisha akina mama wa kijiji kizima. Angeweza kulitoa palepale, na lingekuwa kweli tupu, neno kwa neno. Alimtazama yule mama mfupi ambaye kila asubuhi, hata leo, alikunywa kitu alichoamini kwamba kinaweza kumuua, kisha akakaa kwenye benchi kungoja kifo kama watu wanavyongoja maji yachemke. Somo likabaki kwenye mkoba.

Akachukua kile kikombe cha bati, akaingia jikoni, akageukia ukuta. Safari hii mikono haikuomba, yalikuja yenyewe. Akatoka, akapiga goti, akampa mama mkwe wake kikombe kwa mikono miwili. Mama Sefania akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akakiweka chini.

Wakangoja. Upepo ulikuwa ukipita kwenye migomba nyuma ya nyumba. Jirani mmoja alipita njiani na mzigo wa kabichi, akawasalimu, akawauliza habari za nyika, Raheli akajibu kuwa ni njema, kuna joto tu. Mtoto alijinyoosha, akatafuna hewa, akarudi usingizini.

"Mama," Raheli alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Na ungeugua?"

"Ningeugua."

"Kama ingekuwa ile iliyomchukua Rubeni je?"

"Ingenichukua mimi," Mama Sefania alisema, kama mtu anayejibu nani atakwenda kuteka maji.

Raheli akamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wenye joto la kawaida, joto la mtu aliyekaa karibu na moto. Esta akafumbua macho. Akawatazama wote wawili, akakunja uso, akaanza kulia ule wa njaa, usio na mchezo. Mama Sefania hakumbembeleza. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso wake mwenyewe, akafumba macho akasikiliza, akaweka tena shingoni. Kisha akamwinua mtoto kwa ile mikono yake mikubwa, akampa mama yake.